Hortensia ya Séverin

Hortensia yetu, mmea wa maua pale uani, ilikuwa imenyauka kwa jua la Durban. Mume wangu Séverin akaihamishia kivulini, akaizungushia majani makavu shinani, akawa anaimwagilia kila asubuhi kabla hajanisalimia mimi.

“Umeniletea mke mwenza!” nikamwambia.

Akacheka. Akanionyesha matawi. “Haya ya zamani usikate kamwe, Mireille. Maua ya mwakani yanatokea humu.”

Desemba ikachanua, buluu tupu. Nikajaza jagi maji, nikaliweka katikati ya meza, nikangoja. Séverin akakata maua yote, akayafunga na utepe, akanipita hapo mezani.

“Colette wa saluni iko na sherehe leo.”

Alipotoka tu, nikachukua makasi. Matawi ya zamani alishanionyesha mwenyewe.