Jogoo wa Chumba cha Mapatano

Mwaka wa 1996, Musimbi alirudi kutoka semina ya Nakuru na kijitabu cha kurasa arobaini. Alikuwa matroni katika chuo kidogo cha ufundi nje ya mji wa Kakamega, na kijitabu kilieleza namna chuo kinavyoweza kuanzisha chumba cha mapatano, mahali pa kuwaketisha wanafunzi waliogombana na kuwasikiliza kabla hawajaadhibiwa. Kilitaja vitu vinavyohitajika: chumba tulivu, meza ya duara, karatasi kubwa za ukutani, kalamu nene, na wapatanishi sita waliofunzwa.

Musimbi alikuwa na stoo ya zamani ya mbao, na yeye mwenyewe.

Meza aliipata kwa Cleophas, mwalimu wa useremala. Baada ya masomo Cleophas alichukua meza kuukuu ya pembe nne, akazikata pembe zake, akalainisha ukingo kwa msasa hadi usiweze kumkwaruza mtu mkono, kisha akaenda zake bila kungoja ahsante. Were, mpishi, alileta birika kutoka kwake nyumbani. Wanafunzi walicheka tu. Stoo waliiita kanisa la matroni, na kila walipopita mlangoni waliitikia amina.

Halafu Dauda na Shikanga wakapigana. Karakana ilikuwa na mashine moja ya kuchomelea kwa wanafunzi thelathini, na wawili hao waligombea zamu. Shikanga alipoteza meno mawili, Dauda akaungua mkono kwa chuma cha moto. Usiku huo mabweni yaligawanyika, na madirisha yakavunjwa.

Mkuu wa chuo alimwambia Musimbi kwamba bodi ingekaa Ijumaa saa nane. Akimletea karatasi yenye sahihi za wote wawili, angewatetea. Asipoileta, wangefukuzwa, naye Musimbi angeurudisha ufunguo wa stoo. Mtihani wa mwisho ulikuwa wiki tatu mbele.

Musimbi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mwaka uliopita bodi ileile ilimfukuza kijana aitwaye Willis kwa ugomvi wa kitanda. Baadaye alimkuta katika mashamba ya miwa, uso mweusi kwa masizi, panga mkononi. Willis alimmenyea kipande cha muwa, akakipangusa kwa shati, akampa, akauliza wenzake wanaendeleaje. Hakulalamika hata kidogo. Musimbi aliutafuna muwa ule njia nzima akilia.

Jumanne aliwaketisha stoo kwenye meza ya duara, wakapeana migongo. Jumatano walitukanana, huyu akimwita mwenzake Shehe wa Mumias, huyu akijibu Mapengo. Alhamisi Dauda alikunja shati, akaonyesha kidonda. Shikanga alikitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza alikuwa amepaka nini.

"Dawa ya meno," Dauda akasema.

"Hiyo si ungeniachia mimi."

Wakacheka wote watatu, hata Musimbi, akifuta macho.

Kwa desturi ya huko neno haliishi mpaka watu wamekula pamoja. Wakakubaliana kula Ijumaa mchana, kisha kutia sahihi. Jioni hiyo Shikanga alitembea hadi kwao Mukumu, akarudi na jogoo mwekundu aliyetolewa na mama yake.

Asubuhi yote ya Ijumaa Musimbi alikuwa ofisini, akimwomba mkuu aahirishe kikao. Hakufaulu. Aliporudi stoo, obusuma, ugali wa kwao, ilikuwa inatoa mvuke na ingokho, yule jogoo, imeiva. Walinawa. Shikanga alichagua paja, akamwekea Dauda kwa mkono wake mwenyewe. Dauda alimega obusuma, akaishika, akairudisha. Akasema ameshiba.

"Umeshiba nini, na hata chai hukunywa?" Shikanga akauliza. Kisha sauti ikashuka. "Ama unafikiria mama yangu amewekea huyu kuku dawa?"

Dauda alitikisa kichwa, akasogeza sahani kando. Shikanga alisukuma kiti, akatoka. Ilikuwa saa saba na nusu.

Musimbi alimshika Dauda bega, akamsihi aseme.

"Ni Shikanga mwenyewe alichinja, Mama. Nilimwona kwa jikoni na kisu, amefurahi sana. Kwetu tunaitanga Muislamu achinje. Sasa ningemwambiaje? Kuku ni ya mama yake. Nilisema nitakula tu, Mungu anisamehe. Mkono ukakataa."

Musimbi aliolewa Matungu, ambako Waislamu na Wakristo huishi ua kwa ua. Kwa miaka thelathini, kila kuku wa nyumba yake alipelekwa ng'ambo ya ua kwa mzee Mubarak, jirani Muislamu, amchinje, ili mgeni yeyote aweze kula. Jambo lilikuwa la kawaida mno hata hakuwahi kulifikiria, na leo, akiwa mbioni ofisini, halikumjia kichwani. Kijitabu nacho hakikusema lolote kuhusu kuchinja.

Alikimbia bwenini na magoti yake mabovu. Alimkuta Shikanga anafunga sanduku, akamweleza. Kijana aliketi juu ya sanduku.

"Na mbona hakusema?"

"Alichelea kumwaibisha mama yako."

Shikanga aliinuka. "Twende, Mama," akasema.

Dauda alikuwa bado mezani, peke yake. Alikuwa amefunika chakula kwa sinia ili nzi wasiguse. Shikanga hakusema pole. Alisogeza kiti upande wa Dauda, akachukua kalamu, akatia sahihi kwenye karatasi ya mapatano, akampa mwenzake, naye akatia. Kisha wakakimbia. Saa ya ofisini ilionyesha saa nane na dakika ishirini.

Barua za kuwafukuza zilikuwa zimeshapigwa chapa, lakini mkuu aliichukua karatasi, akaingia nayo kikaoni. Kupitia mlangoni Musimbi alimsikia mkuu akiwaombea vijana kwa sauti ambayo hakuwa amewahi kuisikia kwake. Mwenyekiti alijibu kwamba sahihi hazirudishi vioo. Wote wawili waondoke bwenini na darasani leo hii. Majina yao yalikuwa yameshafika kwa baraza la mitihani Nairobi, kwa hiyo mtihani wenyewe hakuna aliyeweza kuwazuia kuufanya. Lakini wiki tatu bila mashine, nani angefaulu? Mkuu alipotoka alinyoosha mkono, na Musimbi akampa ufunguo wa stoo.

Langoni Dauda alisimama na sanduku lake. Alisema nyumbani hawezi kwenda, atamwambia baba yake nini.

Shikanga alishika kishikio cha pili cha sanduku lile.

"Kwetu si mbali," akasema. "Kuna fundi huko anachomeleanga mageti. Tutamuomba tujifunze na mashine yake."

"Akikataa?"

"Tutamuomba tena kesho."

Wakashika barabara, sanduku moja katikati yao, la pili kichwani kwa Shikanga. Musimbi aliwasindikiza hadi kwenye kona. Alimjua fundi yule, mtu mkali asiyependa wanafunzi. Akasimama kidogo, kisha akavua viatu vilivyokuwa vikimbana, akawafuata ili akamwombe pamoja nao.