Nusu Iliyoachwa na Njaa

Efrazia hakuwahi kuona maharage yakinyanyaswa namna ile. Shamba lenyewe lilikuwa mlangoni kwake, mlimani juu ya Soni, limepimwa kwa kamba na kugawanywa katikati kwa vigingi vyeupe. Nusu moja ilitiwa mbolea ya chumvichumvi ya serikali. Nusu ya pili haikupewa kitu, hata chembe, ikabaki njano na imesinyaa. Na aliyeifanyia ukatili huo hakuwa mtu baki, jamani. Alikuwa Jenoveva, binti yake mwenyewe, aliyesomeshwa na masista wa Kifungilo mpaka akafika chuo cha kilimo.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imetangaza kwamba utafiti usikae mijini na kwenye mashamba makubwa peke yake. Uje hata huku milimani, ufanywe na vijana wa hukuhuku. Jenoveva alipopangiwa nyumbani, Efrazia alifurahi hadi akakosa usingizi. Alikuwa mjane, na mtoto alikuwa huyo huyo mmoja.

"Mwanangu, mbona upande huu unaunyima?" alimuuliza siku moja.

"Uache tu, mama, ndivyo inavyotakiwa," Jenoveva akajibu huku anakimbilia gari la kwenda kukagua vijiji vingine.

Uache tu! Efrazia akajua hapo pana jambo. Mbolea imemwishia, maskini, na anaona haya kusema. Huku nyuma kila aendaye sokoni anapita anatazama. Bi Tatu, jirani yake asiyejua kufunga mdomo, alikwisha kusimama njiani na kuuliza, "Mama Jenoveva, haya maharage ya chuoni yana surua?"

Hilo la surua lilimchoma. Tangu siku hiyo, binti akishaondoka tu, Efrazia alijaza kapu samadi kutoka kwenye zizi la ng'ombe wake, akaenda kuifukia kwenye mashina ya yale maharage yenye njaa. Alifukia kwa siri, kwa sababu hakutaka kumwaibisha mtoto. Maharage nayo hayana makuu. Yalipotoa maua, ungetafuta upande uliokuwa na njaa usiuone. Jenoveva alishangaa, akaandika daftarini kama alivyoona, na Bi Tatu alipita siku hizo bila la kusema.

Ndipo akaja mkubwa kutoka wizarani, Ndugu Nathanaeli, mtu mzima mwenye mvi, amepanda kutoka Mombo kwa Landrova iliyojaa matope. Jenoveva alimwamkia shikamoo, akamwingiza shambani. Efrazia akawafuata na birika la chai, kifua mbele kabisa.

Mgeni alizunguka, akachuma majani ya huku na ya kule, akahesabu vitumba. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Binti yangu, hakuna tofauti. Nusu hii tuliiacha bila kitu kwa makusudi, ili tuone mbolea inaongeza nini kwa ile nyingine. Sasa zote ziko sawa. Maana yake kwenye udongo huu mbolea haifanyi kitu. Siwezi kuomba kituo cha utafiti kijengwe mahali pa namna hii. Vifaa vitapelekwa Sumbawanga, na wewe utakwenda navyo."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga Jenoveva.

Efrazia akasahau kumimina chai. Kwa makusudi! Kumbe yale maharage yaliachwa na njaa kwa makusudi! Akaona jinsi mambo yalivyo: akisema, atakuwa ameharibu mali ya serikali, na nani ajuaye watamfanya nini. Akinyamaza, mtoto anakwenda Sumbawanga, na yeye anabaki na ng'ombe. Akaweka birika chini.

"Ndugu mkubwa, ni mimi."

"Ni wewe nini, mama?"

"Nimeyatia samadi, hayo yaliyonyimwa. Kila asubuhi. Mtoto hajui lolote. Kama ni kufungwa, nifungeni mimi."

"Mama!" Jenoveva akashika kichwa.

Ndugu Nathanaeli akachuchumaa, akachimbua shina kwa vidole. Samadi hii hapa, nyeusi, inanuka zizi. Akachimbua la pili, na la tatu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Efrazia alidhani mzee wa watu analia. Alikuwa anacheka.

"Nani alikutuma?"

"Nitumwe kulisha shamba la mwanangu?"

"Mama, kwingine watu wanang'oa vigingi vyetu usiku wakidhani tunawarudishia yale matuta waliyolazimishwa kuchimba na mkoloni. Wewe umetuongezea samadi!" Akajifuta macho, akamgeukia Jenoveva. "Basi udongo hauna kosa, na mbolea haina kosa. Jaribio hili limekufa, hilo halina ubishi. Mtapanda upya mvua zijazo, na kituo nitakiombea hapahapa."

"Kwa hiyo hahami?" Efrazia akauliza.

"Hahami."

"Sumbawanga haendi?"

"Haendi, mama. Ila samadi yako ikae zizini."

Efrazia akaketi palepale aliposimama, puu, katikati ya mstari, mashina yakavunjika chini yake.

"Mama, umekalia jaribio!"

"Si wamesema limekufa? Niache nipumue."

Jenoveva akayatazama maharage, akamtazama mama yake, kisha akakusanya sketi yake akaketi naye.