Kiziwi wa Rapallo

Nitegulieni hiki kabla chai haijapoa: bwana kashazikwa, barua yake bado yabisha hodi kwa watu. Haya, nini? Wewe unayecheka, hujui. Sikilizeni, jibu mtakutana nalo njiani.

Mwaka 1970, mwezi wa Novemba, babu yenu Thabit alikuwa keshatangulia hapa Maskati. Mimi na mama yake, Bi Kheiria, tulikuwa bado Uswisi, nyumbani kwa tajiri mmoja wa Kimaskati aliyetuhifadhi baada ya mapinduzi ya Unguja. Siku ya kuondoka akatupa gari yake na dereva wake, Mahfoudh, Mbarawa wa Somalia aliyekijua Kitaliana kama mwenyewe, atufikishe Rumi kwenye ndege.

Hati zetu za kuingia Maskati zilikuwa zinatungoja huko Rumi. Mkononi tulikuwa na paspoti za Unguja, zilizotolewa Disemba ya sitini na tatu. Serikali iliyozitoa iliishi mwezi mmoja tu. Tarehe zilikuwa hai, serikali imekufa. Mshategua? Ndizo hizo barua za marehemu.

Mpakani mwa Italia kulikuwa na mvua. Askari akaona gari kubwa nyeusi, akatupungia mkono tupite. Nikashukuru. Lakini kona za milimani zikamshinda Bi Kheiria, akawa anatapika, ikabidi tulale Rapallo.

Mji wa watu wenye nafasi zao, jamani! Majumba ya rangi ya embe bivu, mitende imepangwa mstari, mabibi wanatembeza vijibwa ufukweni. Milima imeshuka mpaka baharini kama Qantab yetu ya hapa Maskati, ila Qantab sijaona mbwa kavaa koti.

Hotelini karani akanyoosha mkono. Paspoti.

“Ndiyo kanuni yao, dada,” Mahfoudh akaninong’oneza. “Polisi anazitazama, kisha wanakurudishia.”

“Na akiona serikali yenyewe haipo?”

“Mtarudishwa mlikotoka. Na ndege ya kesho itaondoka bila nyie.”

Polisi mwenyewe alikuwa papo hapo, amesimama anakunywa kahawa, mtu mzima mwenye masharubu. Akazichukua, akasoma jalada, akakunja uso. Kisha akamgeukia Bi Kheiria. Mahfoudh akatafsiri: “Anauliza, mama, kwenu wapi?”

Namjua mama mkwe wangu. Angelianza na mtaa, akaingia kwenye mapinduzi, asinyamaze mpaka tumefungwa. Nikaropoka: “Hasikii. Kiziwi huyu.”

Polisi akazitia mfukoni. Atazitazama akishakula, alisema.

Tulipofika chumbani Bi Kheiria akanivaa. “Kiziwi? Mie?”

“Mama, kwa leo tu.”

“Leo kiziwi, kesho utaniambia nimekufa!”

Tukashuka kula. Polisi kakaa meza ya pili, paspoti zetu ziko kando ya sahani yake. Wakaleta tambi. Sasa nyie mnazijua tambi za bibi yenu, za sukari, iliki na tui. Zile zilikuwa ndefu kama nyuzi za kushonea, juu zimemwagiwa rojo jekundu la tungule! Bi Kheiria akaonja. Nikaona midomo inataka kufunguka, nikamkanyaga mguu.

Basi akafanya ishara, vidole vikinyunyiza hewani. Wakaleta chumvi. Akatikisa kichwa. Wakaleta jibini iliyokunwa. Akainusa, akaisukuma mbali. Mkono wa polisi umesimama hewani na uma wake, anatutazama.

Mara jikoni sinia zima la sahani likaanguka. Pwaa!

“Bismillahi!” akasema Bi Kheiria, na shingo kaigeuza kabla ya watu wote.

Mahfoudh akafumba macho. Polisi akafuta masharubu, akainuka, akachukua bakuli lililokuwa penye vikombe vya kahawa, akaja nalo pamoja na paspoti zetu. Akaliweka mbele ya Bi Kheiria. Sukari.

Bi Kheiria akamtazama. Kisha akatia vijiko vitatu, akachanganya, akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Yule bwana kasimama hapo hapo, anaangalia kila tonge kama anahesabu. Bi Kheiria alipomaliza, polisi akaziweka paspoti juu ya kitambaa, akamwambia Mahfoudh neno.

“Anasema ndani hajazifungua,” Mahfoudh akatafsiri. “Lakini swali lake hajajibiwa. Kwenu wapi?”

Bi Kheiria akanitupia jicho, akarudi kwenye uziwi wake. Akaendelea nao mpaka Rumi, hata mimi hanijibu.

Siku ya pili yake tukateremka Bait al Falaj, kwenye kile kiwanja kidogo cha ndege cha zamani, na jua la hapa mnalijua. Barua ya Thabit ilikuwa imeshatuonya: mkiulizwa kwenu wapi semeni Maskati, basi, msiongeze neno, wasije wakakuoneni wageni, wakakuwekeni ndani. Namuona mwenyewe nyuma ya kamba, kanzu imemlowa jasho, hathubutu hata kupunga mkono.

Kijana wa karatasi akazifunua hati zetu, akainua kalamu. “Mama,” akauliza kwa Kiarabu, “kwenu wapi?”

Nikafungua mdomo. “Hasi—”

Bi Kheiria akanishika mkono, akanibana hasa.

“Nasikia,” akasema. “Kwetu Unguja, Mkunazini. Andika.”