Posa ya Mfereji

Jumapili, tukitoka kanisani, mavyaa wangu bibi Jumwa alinishika mkono akasema: "Jumamosi nipelekeni Bamba. Nimechoka kuogeshwa kama mtoto mchanga."

Hakuwa akinikemea. Vidole vyake vimejikunja kwa ugonjwa wa viungo, na mfereji wetu wa bafuni ulikuwa ule wa kuzungusha kichwa, tena maji ya chumvi ya kisima cha hapa Bombolulu yalikuwa yameula mpaka ukakaza. Akitaka maji, aniite. Akitaka kufunga, aniite. Juzi yake nilikuwa sokoni, akapiga kelele na sabuni machoni, mpaka jirani akaja, mwanamume mzima, akamfungulia huku uso ameugeuzia ukutani.

Huko Bamba kijijini kwao hakuna wa kumtazama, ni mbuzi na jua. Na mume wangu Mramba, kabla Mungu hajamchukua, aliniachia mama yake mkononi. Nikaomba. Nilipoinuka kwenye magoti nilikuwa nimeshaamua: nitanunua mfereji wa stenlesi, ule wa kuinuliwa hata kwa kiwiko.

Lakini nyumba ni ya marehemu, na marehemu ana ndugu. Shemeji yangu mkubwa, Kaingu, akaja na kofia yake ya mazishini.

"Shemeji, hakiingii kitu kikakaa maisha nyumbani kwa ndugu yangu bila wazee kukiposa."

"Ni mfereji, shemeji."

"Na mke ni mtu tu. Mbona huposwa?"

Mdogo wake, Masha, akaitikia kwamba ni kweli, na ukoo uchunguzwe, maana mifereji ya siku hizi hujipaka rangi. Wakataka mnazi, ile pombe ya posa. Nikawaambia mie ni mama wa kanisa, posa yangu itakwenda na soda. Wakanung'unika, wakakubali.

Tukamchukua mavyaa, tukaenda kwa Mwangi mwenye hadiwea. Kaingu akasimama mlangoni, akakohoa.

"Hodi. Tulikuwa tukipita, tukaona ua zuri hapa kwako."

Mwangi akatazama ndoo zake za misumari. "Ua gani, mzee? Mimi nauza simiti."

"Ua la stenlesi."

Nilidhani atatufukuza. Kumbe yule mtu wa bara mila hakuzitupa njiani. Akavua koti la kazi, akajifunga vifungo vya shati, akamwita mkewe Margret. "Mngesema mapema, watu wangu! Kaeni." Tukakaa juu ya mifuko ya simiti. Mteja mmoja aliyekuja kununua bawaba akaambiwa asubiri, kuna wageni wa heshima. Naye akaketi, upande wa bibi harusi.

"Binti yangu nimemlea," akasema Mwangi. "Kutu haijui. Lakini kwetu hachaguliwi kwa macho. Mkikosea, faini."

Margret akaleta mifereji mitatu iliyofungwa kwenye vipande vya mbao, kila mmoja umefunikwa leso. Kaingu akaenda moja kwa moja kwa ule ulionona, akafunua. Mfereji wa rangi ya dhahabu, wa kuzungusha, una kichwa cha simba.

"Huyu huyu! Ana sura. Mramba angempenda."

Masha akatoa sumaku aliyoibandua kwenye spika mbovu, akaugusa. Ikanasa, pwa! "Shangazi zake ni mabati," akasema.

"Funga domo," akasema Kaingu. "Kila ukoo una bati lake."

"Huyo si binti yangu," akasema Mwangi. "Ni mgeni. Leteni faini."

Tukatoa soda. Kaingu hakujali. "Basi tumempenda huyo mgeni."

Nikamtazama mavyaa. Mikono ameificha ndani ya leso yake, anamwangalia yule simba kama mtu anayeliona gari la Bamba linakuja.

"Baba," nikamwambia Mwangi, "anayeoa ndiye achague. Na atakayeishi na huyu binti ni mama."

Kaingu akafumbua mdomo. Lakini kumpinga mama yake mbele ya wakwe hakuweza, hata yeye.

Bibi Jumwa akainuka. Wala hakufunua leso. Katika miwili iliyobaki, wa kwanza akausukuma kwa kiwiko, ukakataa. "Kiburi," akasema. Akaenda kwa wa pili. Ukainuka taratibu, kama mtoto mwenye adabu. Akaushusha. Akauinua tena. Akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu tulipomzika mwanawe.

"Huyu kanisikia."

Margret akapiga vigelegele, na yule wa bawaba akalia machozi. Tukaondoka na shawa vilevile, na chuma cha kushikia ukutani, maana Mwangi alisema binti hapelekwi ugenini peke yake.

Fundi alifunga Ijumaa. Jumamosi asubuhi Kaingu akaja na gari la kukodi, maana alimwahidi mamake kumpeleka Bamba, na ahadi ni ahadi. Akamkuta Mwangi na mkewe ukumbini, wamekuja kumjulia hali binti yao. Mavyaa alikuwa bafuni, komeo kalitia kwa ndani. Tulisikia maji yakifunguka, yakifungika, yakifunguka.

Kaingu akagonga. "Mama, gari lipo."

"Gari la nani?"

"Si lile la Bamba!"

"Nenda wewe. Mie naoga."

Akaoga mpaka tangi likakauka, na bado hakutoka. "Mbona kimya?" akauliza kutoka ndani. "Binti ana kiu huyu."

Kaingu akavua kofia, akanipa nimshikie. Akachukua ndoo, akaenda kisimani.