Radhi Iliyokwama Mondoposte

Mama alivaa kanga zake za Idi kwenda kumpa mwanawe radhi mbele ya kompyuta. Nilimkuta mlangoni anajipaka wanja, yeye aliyekuwa ameapa mbele ya majirani kwamba Abdulhamid asithubutu kumletea mke wa kanisani. Sikucheka. Tulipofika kwa Léonard, mwenye kompyuta ya mtaa wetu, mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa, naye ameketi kando yake mikono mapajani. Wapiganaji walikuwa wamekata nguzo za simu kwenye barabara ya Bujumbura, na magari yaliyotangulia asubuhi ile yalikuwa yamechomwa.

"Laini iko kimya, mama," alisema. "Tungoje."

Kaka yangu Abdulhamid alikuwa amevuka ziwa mwaka ule risasi zilipohamia Rumonge, akaishia kambini upande wa Kigoma. Huko akampenda Aksanti, binti wa mchungaji, aliyekimbia vita vyao vya Kivu Kusini. Akatuandikia kuomba radhi ya mama. Asipoipata, alisema, haoni sababu ya kurudi nyumbani hata vita vikiisha. Mama akanuna. Mwache angoje, aliniambia, akaendelea kupima mawese yake sokoni huku akiwafokea wateja wasio na kosa. Alinuna mpaka hasira ikamchosha mwenyewe, ndipo akafungua sanduku la kanga.

Barua ya kaka ilikuja kwa njia ya Mondoposte. Jina hilo likinijia mdomoni hadi leo natamani kutema mate. Ilikuwa kampuni ya mbali iliyogawa anwani za barua za mtandao bure, na Léonard, aliyewahi kuwa karani wa posta, alituletea sifa zake kama mshenga aliyelipwa vizuri. Bure, alisema, tena maisha yote. Alituonyesha gazeti la Kifaransa lenye picha ya mwenye kampuni, kijana wa viatu vya mpira, anacheka meno yote nje.

Nasi tukafanya tulivyozoea. Tangu zamani barua za mtaa wetu wa Waswahili zilikuja kwa sanduku moja la posta, na aliyekwenda kulifungua aliwachukulia wote. Kwa nini mtandaoni tujigawe? Tukafungua anwani moja, tukaiita Rumonge, na humo zikaingia harusi, misiba na magomvi ya wake na waume. Léonard akatunza neno la siri. Wallahi tulijiona wajanja.

Laini ilirudi baada ya masika kupita. Mama akavaa tena zile kanga. Léonard akaandika neno la siri, mashine ikalikataa. Akaliandika tena polepole, herufi moja moja, jasho likimtiririka.

"Iko inasema hatuko," akasema.

"Sisi tuko hapa," mama akamjibu.

Barabara ilipofunguka Léonard alikwenda Bujumbura, akarudi na maelezo. Wakati sisi tumekimbilia Kigwena, tumelala michikichini tukiogopa hata kukohoa, utajiri wa Mondoposte ulikuwa umepasuka kama puto. Kampuni nyingine ikainunua kwa bei ya kutupa, na wenye mali wapya wakafagia kila anwani iliyokaa bila kufunguliwa. Jina lililoachwa, anayelitaka alichukue. Rumonge ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Na nani? Léonard akapandisha mabega. "Ndiyo biashara, Biasha," aliniambia, na haukupita muda akawa anatangaza kampuni nyingine, bure, maisha yote, na kofia ya zawadi. Nilimwona kinyaa. Wazee walitufundisha kwamba ahadi ni deni, lakini hawa wakishauziana duka, deni huzikwa na hakuna hata anayesoma hitima.

Tulifungua anwani mpya, lakini tumwandikie nani? Anwani za watu wetu wote zilikuwa humohumo ndani ya ile ya zamani, hakuna aliyewahi kuziweka pembeni. Tulituma salamu kupitia kwa waliovuka ziwa, ila kambi zilikuwa nyingi na watu walihamishwa ovyo. Mama akaanza kusema Abdulhamid amenuna, amerithi kwake. Alifariki kabla ya amani, akimngoja mwanawe anune amalize.

Vita vilipotulia, wakimbizi wakaanza kurudi. Nilikwenda ufukweni kama wengine, nikamwona kaka akishuka kutoka kwenye boti, nywele zimepungua, nyuma yake mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni. Alinipa mkono kama mtu anayemsalimu karani wa serikali.

"Amahoro," alisema. "Hatukai. Aksanti ndiye kanilazimisha. Nimsalimu mama tu, hata kama hanijui."

Nikamwambia mama hatunaye tena. Alifumba macho. Nikamwuliza, kwa uchungu, kwa nini alikaa kimya miaka yote ile.

"Mimi? Si niliandika tena, mukanijibu. 'Hatukujui. Tafadhali usituandikie tena.' Kwa Kifaransa safi, kutoka anwani yenu ya Rumonge."

Simlaumu sana aliyeandika maneno yale, huyo aliyelichukua jina letu, mtu asiyetujua anayeletewa harusi na misiba ya watu wengine kila akifungua barua zake. Alijibu kwa adabu. Waliompa jina letu bila kumwambia kwamba ndani yake mna watu, hao sijawasamehe, na sina mpango.

Nikawasimulia yote, nguzo za simu, neno la siri, kanga za Idi, na maneno ambayo mama alitaka yaandikwe: mwambie amlete, nitampikia mwenyewe. Abdulhamid aligeukia ziwa akalia kwa sauti, watu wakimtazama. Aksanti hakusogea. Aliniomba niyarudie maneno ya mama, nikayarudia.

"Basi haikukuwa juu ya miye?" akauliza.

"Hapana, wifi. Haikuwa kwa sababu yako."

Aliketi mchangani, akamfungua mtoto mgongoni na kunipa nimshike. Kisha akaokota mfuko wao, akaniuliza nyumbani ni upande gani.