Katoni Kumi na Moja za Kimya

Jumanne saa tatu asubuhi, mratibu wa kozi za mtandaoni alikuwa na chai mkononi, jedwali la kazi kwenye skrini na mfagizi mlangoni.

"Bosi, hivi vya chini ya meza ya Mkasi nitupe?"

Mratibu aliinama. Vilikuwa vipande vya kimya, rangi ya majivu, vingine kama kifungo cha shati, vingine ukubwa wa mkate. Alikanyaga kimoja, kiatu hakikutoa sauti.

"Weka kwenye katoni. Huenda vikaulizwa siku ya ukaguzi."

Mkasi alikuwa mhariri wa video. Chuo kilitaka somo lisizidi dakika nane, basi naye alikata kila penye kimya. Wiki hiyo alikuwa kwenye kozi ya umeme wa majumbani, masomo thelathini ya mzee ambaye wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Subiri. Mzee huyo akiuliza swali hukunja mikono na kungoja. Hata mbele ya kamera, chumbani hamna mwanafunzi hata wa dawa, aliuliza na akangoja. Alipomaliza kurekodi somo la mwisho, mkuu wa chuo alimpa mkono wa kwaheri. "Wa nini tena, wakati tunaye kwenye kompyuta?" Jina lake nalo halikuandikwa popote.

Mkasi akakata, kimya kikadondoka, mfagizi akafagia. Zilijaa katoni kumi na moja. Mhasibu wa chumba cha pili, kichwa kikimgonga, alikuwa akija kukiegemeza kwenye katoni dakika tano, anashukuru, anaondoka.

Kozi ilijaribiwa kwa watu kumi. Wote wakafeli.

"Wakifeli tena Ijumaa ijayo naifuta," alisema mkuu, "na wewe na timu yako mtafute pa kwenda."

Mmoja wa wale kumi alikuwa wifi yake mratibu, mke wa kaka yake, aliyepunguzwa kiwandani akaapa kuwa fundi umeme. Jioni ileile mratibu alimfuata nyumbani.

"Wifi, niambie ukweli. Kozi mbaya?"

"Kozi haina neno. Huyo mzee wenu ndiye mwenye dharau."

"Mwalimu Subiri? Dharau?"

"Ananiuliza, kabla ya kugusa waya unafanya nini? Sijafungua mdomo, kashajijibu! Basi nikamwachia, ajiulize, ajijibu, ajipe na maksi."

Mratibu alitoka hadi kwenye gari, akarudi na katoni moja aliyokuwa ameichukua kwa ajili ya mkoromo wa mumewe. Wakawasha somo, na swali lilipofika akaweka kipande kimoja juu ya kompyuta. Kwenye skrini mzee alifunga mdomo, akakunja mikono, akamtazama wifi. Wifi akakuna kichwa. Akakuna tena.

"Nazima swichi kuu!"

Mzee akatabasamu, akaendelea.

"Eh! Sasa huyu ndiye mwalimu," alisema wifi. "Mlikuwa mmemficha wapi?"

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kurudisha. Mkasi hakukumbuka kipi kilitoka wapi, ila mfagizi alikuwa ameandika tarehe kwenye kila katoni, na mkono wake ulishazoea uzito. "Hiki kizito ni cha swali gumu. Hivi vyepesi ni vya ndiyo au hapana." Walikosea somo la tisa tu, mzee akaitazama soketi dakika nne bila kupepesa, wakarekebisha. Masomo yalifika dakika kumi na tano. Kwenye jedwali mratibu aliandika "imezidi", akasonga mbele.

Ijumaa, tisa kati ya kumi walifaulu. Wa kumi alilala. Kimya kilimkolea.

"Hongera mama," alisema mkuu.

"Basi tumrudishe mwalimu. Na jina lake tuliandike."

"Kumrudisha wa nini? Si anangoja vizuri hukohuko aliko?"

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kizito kama tofali, kisichoingia somo lolote. Mkasi aliirudia rekodi ya awali. Baada ya somo la thelathini, kamera ikiwa bado inawaka, mzee alimuuliza mkuu, "Muhula ujao naanza lini?" Akangoja. Mkuu alikuwa akitazama simu yake.

Mratibu alikibeba hadi ofisini kwa mkuu, akakiweka mezani. Mkuu alikitazama, akakinyanyua kwa mikono miwili, akakisukumiza chini ya mlango wake, ambao upepo ulikuwa unaubamiza kutwa nzima.

"Afadhali," alisema.

Mpaka leo watu wanakiruka wakiingia.

Mchana wa Ijumaa hiyo wifi alituma picha ya taa iliyowaka jikoni kwake, waya kavuta mwenyewe. Mratibu alimpigia Mwalimu Subiri, akamweleza habari za wale tisa.

"Na huyo wa kumi je?" aliuliza mzee. Akangoja.

Mratibu aliweka chai chini, akafikiri vizuri.

"Tunamrudia Jumatatu, mwalimu."