Somo Anaombwa Mji

Najilaza kwenye mkeka baada ya chakula cha mchana, Jumatano, tumbo limejaa wali na roho imejaa hasira, hata ushungi sijavua. Hasira zangu ni za Saumu. Saumu ni mwari wangu. Mimi Batuli ndiye somo yake, niliyemfunda mpaka akaolewa, na huku kwetu mwari hamvulii nguo mtu yeyote ila mumewe mpaka somo yake aseme ndiyo. Asubuhi amekuja kuniomba hiyo ndiyo. Wapimaji wa saratani ya matiti wapo zahanati leo tu, bure, mpaka saa kumi, naye ana donge kwenye titi la kushoto, kubwa kama njugumawe, tangu kabla ya mfungo. Nimemwambia lile lile nililomwambia mara ya kwanza: hayo ni maziwa yameganda, chana titi kwa kitana cha mti, kanda kwa kitambaa cha moto, yatayeyuka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto ameacha ziwa, huu mwaka wa pili. Nikamkata jicho. Nimefunda wanawake arobaini na kitu katika mji huu na sijapata kuulizwa swali la pili. Akaondoka na kitana chake. Nafumba macho huku bado nanung'unika, na mkeka unaanza kutembea.

Unatembea kweli, unatoka mlangoni na mimi juu yake, unajikunjua, unajikunjua, mpaka unakuwa barabara ya ukindu isiyo na mwisho mbele wala mwanzo nyuma, nami nimesimama katikati yake peku. Mbele yangu yuko mwanamke wa kanga mbili, amejifunga vizuri, lakini uso hana. Palipo pa uso pana ngozi tupu, laini, kama donge la unga uliokandwa. Namwuliza njia hii inakwenda wapi, nimechelewa kuamka, nina mambo yangu nyumbani. Anasema, Kitendawili. Na mdomo wangu, kwa mazoea tu, unasema, Tega. Anatega: Kikija hakibishi hodi, kikikaa hakiumi, kikianza kuuma kimeshakula. Najibu hapo hapo, maana mimi si mtu wa kushindwa: Maziwa yaliyoganda. Anatikisa kile kichwa kisicho na uso. Anasema, sema hujui, bibi, nami nitakuachia njia. Lakini neno hilo sijalisema mbele ya mtu tangu nilipoanza kufunda, nitaanzaje leo mbele ya donge la unga? Basi nipe mji, anasema. Na hiyo ndiyo sheria ya mchezo, tangu utotoni naijua, aliyeshindwa hutoa mji. Nampa Muheza, maana sina ndugu kule.

Tunaingia Muheza palepale, ila Muheza hii ina miji miwili inayotazamana, kila nyumba na pacha wake ng'ambo ya barabara, kila mwanamke na pacha wake, akiinua mkono huyu na yule anainua. Wamependeza kupita kiasi, dhahabu, hina, magauni ya harusi, na kila mmoja amekaa juu ya chetezo anajifukiza udi chini ya nguo. Nafurahi, nasema angalau hapa pananukia. Kisha harufu ya pili inanifikia, chini ya udi, nzito, tamu kwa ubaya wake, harufu ya nyama iliyosahaulika juani. Mmoja anafunua upande wa gauni. Kitambaa kimegandana na kidonda, maji ya njano yanashuka mpaka kiunoni, na inzi wametulia pale bila wasiwasi, kama wana hati ya nyumba. Nageuza uso, na kule nilikogeukia pacha wake amefunua vilevile. Nawafokea, kwa nini mnajifukiza badala ya kwenda hospitali, hamna hata haya? Wanajibu wote kwa pamoja, wa huku na wa kule, kwamba walikatazwa kuvua. Na nani? nauliza. Hawanyooshi kidole. Wanapiga magoti tu, adabu ile ile niliyowafundisha mimi, na kusema, Shikamoo, somo.

Natoka mbio na mji unatoka nami, barabara inajirudia, mkeka ule ule, na asiye na uso yuko mbele bila kukimbia. Kitendawili. Tega. Kile kile. Nasema, Husuda, jicho la watu. Anatikisa kichwa, nipe mji. Nampa Korogwe, na inayokuja ina jina tu la Korogwe, kwa maana nyumba zake ni mahema na barabara zake zinazunguka hema moja kubwa lenye bango la kupima matiti. Ngoma zinalia. Watu wamevaa fulana mpya za waridi, wanacheza, wanapigana picha. Nasema haya, hawa angalau wanafanya kazi. Nachungulia hemani. Juu ya kitanda cha kupimia pamepakuliwa pilau, na wanaume wa kamati wamekizunguka, wanakula kwa mikono, wanafuta mafuta kwenye shuka jeupe, wanatema mifupa kwenye glavu. Mnene wao ananikaribisha, anasema siku imefana, uhamasishaji umefika kila kona. Namwuliza wanawake wangapi wamepimwa. Anatafuna kwanza. Ananiuliza, wanawake gani?

Wako nje. Foleni yao imeuzunguka mji, imepita nyuma ya vyoo, imerudi, na wa kwanza kabisa mlangoni amesimama muda mrefu hata miguu imeota ukoga. Nataka kumtapikia yule mnene miguuni, lakini yule wa kwanza ananishika mkono, mkono wake una unyevu, na kuniuliza, Somo, niingie? Na wa nyuma yake anauliza, na wa nyuma yake, niingie, niingie, mpaka mwisho wa foleni nisikoweza kuuona. Nasema si kazi yangu kufungua hema la watu. Mwongozaji wangu, yule asiye na uso, anasema, na wale mle ndani wanasema hivyo hivyo, na midomo yao imejaa.

Baada ya hapo sihesabu tena. Natoa Handeni, natoa Pangani, natoa Lushoto na baridi yake, na kila mji unapita umebeba harufu ile ile, nami nimeziba pua kwa ushungi, ninajibu jini, ninajibu uchafu wa ziwa, ninajibu kila kitu ila lile neno moja. Mpaka ananiambia nipe mji, nami sina. Umebaki mmoja, anasema. Natazama na kumbe tumesimama mtaani kwetu, mbele ya mlango wa Saumu. Uko wazi. Saumu amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, amekonda mpaka mifupa ya bega inaonekana, na mkono wake unapanda na kushuka. Anachana. Anahesabu mara mia moja kama nilivyomwagiza, hajaruka hata moja, na kila kitana kinapotoka kina usaha na damu kwenye meno, anakifuta kwa adabu kwenye kanga niliyompa siku ya harusi, anaendelea. Utii ule unanikirihi kuliko vidonda vyote vya Muheza, kwa sababu nimeushona mwenyewe, nao umemkaa vizuri. Mwongozaji anasema, ukitoa mji huu nauchukua na aliyemo. Kitendawili.

Tega, nasema. Anatega. Maziwa yaliyoganda yanakuja ulimini yenyewe, nayaonja, yamechacha, nayatema chini. Najichukia. Naona kinyaa kwa kinywa changu mwenyewe, kwa miaka yote kilivyojua kila kitu. Sijui, nasema. Hasikii, au anajifanya hasikii. Sijui, sijui ni nini. Basi, anasema. Namwuliza jibu ni lipi, maana nimelilipia miji mitano. Anasema, hata mimi sijui, na Saumu hajui, mpaka apimwe. Huenda si kitu, madonge mengi si saratani. Waulize wanaopima.

Nafungua macho. Au nadhani nafungua. Mkeka umetulia, mate yamenikauka shavuni, na Saumu amekaa kando yangu, mtandio mapajani, ananitazama kwa namna asiyowahi kunitazama. Namwuliza amerudi saa ngapi. Anasema hakuwa mbali, alikaa barazani kwangu, ameshindwa kwenda na ameshindwa kurudi nyumbani.

Somo, anasema, umesema hujui.

Nimesema wapi?

Hapa. Mara tatu. Ulikuwa macho?

Naweza kumwambia nilikuwa naota. Neno moja tu, na heshima yangu ya arobaini na kitu inabaki mahali pake, na yeye atanyanyuka kwa adabu aende akachane. Namtazama bega. Ni bega la mtu mwenye afya, lina nyama, na sijui kama ndilo la kweli au ni lile la kwenye kigoda, na hakuna wa kumwuliza.

Nilikuwa macho, namwambia. Sijui kilichomo humo mwanangu, wala siku ile ya kwanza sikujua. Nilikudanganya kwa kuona haya. Nenda ukavue, na mimi nitavua, tutapimwa wote wawili.

Analia kidogo, anajifuta, anasema ni saa tisa na nusu. Kisha anajitupia mtandio na kutangulia mlangoni, kitu ambacho mwari hakifanyi mbele ya somo yake, nami namfuata peku bila kutafuta viatu. Njia ya zahanati ninayoijua ni fupi, lakini leo sioni mwisho wake. Kama bado nimelala, mtu asiniamshe mpaka tufike.